Mwaka Tuliofundishana Kiingereza kwa Kutukanana

Katika mazishi ya Mzee Shabani Kondo, yaliyofanyika hapa Mpanda mjini mbele ya umati uliojaza uwanja wa nyumba yake hadi barabarani, kijana mmoja wa ukoo alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma kwa sauti nzuri na kwa kujiamini kwamba marehemu alifundishwa Kiingereza na meneja wake Mzungu, aliyempenda kama mwanawe. Nilisimama. Ninakaribia miaka tisini na magoti yangu hayapendi haraka, lakini siku ile yalinitii. Nilisema kwamba maneno hayo si kweli, kwamba hakuna Mzungu aliyemfundisha Shabani neno hata moja, na kwamba anayetaka kujua ni nani aliyemfundisha amtazame mtu huyu aliyesimama. Watu wakacheka. Wengine walipiga makofi, na wanawake waliokuwa jikoni wakachungulia waone kichekesho kimetoka wapi. Mimi ni Mkonongo, na kwa hesabu ya utani tunahesabiwa pamoja na Wanyamwezi. Marehemu alikuwa Mzaramo. Sisi ni watani, na mila humruhusu mtani kuvuruga msiba: kulizuia jeneza, kumsimanga maiti, kudai alipwe ndipo maiti azikwe. Basi nilipokuwa nikisema kweli tupu, wafiwa waliamini kwamba ninatimiza mila. Mjukuu mmoja wa marehemu alinikabidhi kuku, kama ilivyo ada ya kumnyamazisha mtani. Kuku nilimpokea, maana ni haki yangu. Kunyamaza sikukubali, na ndiyo sababu ninaandika.

Nilitumikia ofisi mbalimbali hadi nilipostaafu, na katika ofisi zote hizo kazi yangu ilikuwa moja: kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichotokea. Sikuwa mtumishi mwenye kupendwa. Niliwahi kumrudishia mkuu wangu taarifa yake kwa sababu aliandika kwamba daraja limekamilika wakati lilikuwa na nguzo tu. Sasa mtumishi huyo huyo akae kimya wakati uongo unasomwa juu ya kaburi la rafiki yake? Habari za wazazi wangu na za Inyonga nilikozaliwa hazihusiki hapa. Unaohusika ni mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya hamsini, nilipokuwa na umri wa miaka kama ishirini, karani wa muda katika kampuni ya mbao iliyokuwa na ofisi yake karibu na stesheni. Reli ilikuwa imefika Mpanda miaka michache tu kabla, na magogo ya mninga yaliyokuwa yakiozea porini yaligeuka ghafla kuwa mali ya kupakiwa mabehewani. Palipo na mali pana barua, na palipo na barua pana makarani, na makarani wa wakati ule walitakiwa kuandika Kiingereza ambacho wengi wetu tulikuwa tumekionja tu shuleni.

Msomaji wa leo, ambaye simu yake humsahihishia neno kabla hajalimaliza, huenda asielewe tulichokuwa tukikiogopa. Kiingereza kina maneno yanayofanana kama watoto wa tumbo moja, yanayotamkwa karibu sawasawa, lakini kila moja lina kazi yake na halikubali kumfanyia kazi nduguye. Kuna weight, ambao ni uzito wa gogo, na kuna wait, ambako ni kusubiri behewa. Kuna lose, kupoteza kamba, na kuna loose, kamba iliyolegea. Kuna plane, randa ya seremala, na kuna plain, kitu kisicho na mapambo. Kuna principal, aliye mkuu wa mahali, na kuna principle, msimamo ambao mtu huuishi. Makarani tulikuwa tukiyachanganya. Meneja, ambaye jina lake sitaliandika kwa kuwa hayupo kujitetea, alizichoka barua zetu akatangaza mtihani. Karani Mkuu alitusomea tangazo lenyewe tukiwa tumesimama: kila karani wa muda angepewa maneno yanayofanana na angetakiwa kutunga sentensi kwa kila neno, ili ionekane wazi kama anajua tofauti. Atakayefaulu angethibitishwa kazini. Atakayeshindwa angeondoka mezani, na akitaka angekwenda kwenye mashimo ya kupasulia mbao.

Shabani alikuwa na chumba katika safu ya nyumba za wafanyakazi, nyuma ya karakana. Kilikuwa chumba kimoja chenye paa la bati na kuta za tofali zisizopigwa lipu, lakini alikuwa amezungusha rafu za mabaki ya mninga, hivyo ukiingia ulipokewa na harufu ya mbao mbichi kabla hujapokewa na mwenyeji. Kitanda kilikuwa nyuma ya pazia. Upande wa mbele palikuwa na jamvi, sanduku la chuma lililotumika kama meza, na viti viwili vya kukunja ambavyo kimoja kilikuwa changu kwa mazoea. Mkewe, Bi Zena, alipika uani. Nilikuwa mseja, na baada ya kazi nilikula kwao: ugali wa mahindi na migebuka mikavu, samaki wa Ziwa Tanganyika walioletwa kutoka Karema, na masika yalipoanza, uyoga wa porini ambao mwanzoni Bi Zena aliuogopa. Akiwa mtu wa pwani, aliniuliza kama watu wa kwetu huula kwa kupenda au kwa shida. Nilimjibu kwamba tunaula kwa akili. Baada ya wiki moja alikuwa akiwatuma watoto wa jirani wamtafutie.

Utani wangu na Shabani ulianza siku ya kwanza aliposhuka kwenye treni na kuniuliza mimi ni kabila gani. Niliposema Mkonongo alisema hajui Mkonongo ni nini, kwake mimi ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi ndio waliowabebea babu zake mizigo hadi pwani. Nilimwambia kwamba babu zangu walibeba mizigo kwa sababu babu zake walikuwa wakicheza ngoma na hapakuwa na mwingine wa kuibeba. Alinikumbatia palepale. Tangu hapo hakuniita kwa jina langu hadi alipokufa. Aliniita Mnyamwezi, nami nikamwita Mzaramo, na hakuna tusi tuliloacha kuambiana. Asiyejua utani angedhani tunachukiana. Anayejua hufahamu kwamba mtani ndiye mtu pekee anayeweza kukwambia ulivyo, na huruhusiwi kukasirika.

Kwa wiki kadhaa tulijaribu kujifunza maneno yale kwa njia ya shuleni, yaani kuyakariri, na tulishindwa. Kila tulipoyakariri pamoja yalizidi kufanana. Njia tuliyoipata baadaye haikuwa ya mwalimu yeyote, na ninataka hili lisomeke wazi. Ilitokea jioni moja kabla ya jua kuzama, chakula kikiwa bado jikoni, Shabani alipochoka akasema kwamba maneno haya hayatofautiki kwa sababu tunayaacha yakae kwa adabu. Yakitukanana yatajulikana. Akasimama juu ya jamvi, akatokeza tumbo, akatangaza kwa Kiingereza chake kwamba yeye ni Principal.

“Mimi ni mkuu,” alisema, akiendelea kwa Kiswahili ili Bi Zena asikie. “Nina kiti, nina fimbo, nina kengele. Wewe Principle una nini? Nani amewahi kukuona ukipita barabarani?”

Nilisimama nami. Nilimwambia kwamba kweli sionekani, na ndiyo maana sinunuliki. Lakini yeye alinunuliwa jana kwa jogoo.

“Mimi hula kila siku,” alisema.

“Na mimi sioni njaa,” nilimjibu.

Bi Zena aliingia na sinia la ugali akasema kwamba asiyeona njaa akae pembeni. Tulicheka hadi tukashindwa kula, lakini tangu jioni ile sijawahi kuyachanganya maneno yale mawili. Tukaendelea hivyo kwa miezi. Kila jioni tulichukua maneno mawili, kila mmoja akawa neno moja, na tukasimangana mpaka kila neno lilipokuwa na sura yake, tabia yake na aibu yake. Simango lililokuwa kali kuliko yote tulilitia katika Kiingereza, tukalirudia wote wawili hadi likakaa. Majirani walituzoea. Bi Zena, ambaye hakuwa amesoma Kiingereza, alifikia hatua ya kuamua nani ameshinda, na mara nyingi alimpa ushindi aliyemtukana mumewe vizuri.

Siku ya mtihani tuliketi mbali mbali, Shabani dirishani na mimi mlangoni, na Karani Mkuu alitembea katikati yetu mwanzo hadi mwisho. Nilimaliza bila wasiwasi wowote. Siku iliyofuata tuliitwa. Meneja alikuwa ameziweka karatasi zetu mbili sambamba juu ya meza, na kando yake alisimama Karani Mkuu, Bwana Anselmi, Mfipa wa makamo, mtu mpole aliyezoea kusimama kati ya watu wenye hasira. Meneja alisema kwamba majibu yote ni sahihi. Kisha alisema kwamba majibu yote ni yale yale. Katika kila neno Shabani na mimi tulikuwa tumeandika sentensi moja, karibu herufi kwa herufi. Wote wawili tulikuwa tumeandika kwa Kiingereza kwamba mkuu hula kila siku lakini msimamo hauoni njaa. Alituuliza kama mkuu huyo mwenye kula ni yeye. Tulisema siyo. Hakuamini, na kwa kuwa alikuwa mnene kidogo nilielewa kwa nini. Akatoa uamuzi wake: mmoja wetu ameandika na mwingine amenakili. Hadi kesho asubuhi tumtaje aliyenakili. Huyo ataondoka, na mwenzake atathibitishwa kazini. Tusipotaja, tutaondoka mezani wote wawili.

Ninaomba msomaji asimame hapa nami. Haikumjia akilini mtu yule kwamba Waafrika wawili wanaweza kuwa wamejifunza pamoja. Kwake kulikuwa na njia mbili tu za sisi kujua kitu: kupewa na yeye, au kuiba. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimefanya kazi chini ya Wazungu na chini ya Waafrika, na wazo lile nimelikuta katika ofisi nyingi likiwa limevaa nguo tofauti tofauti. Sikulikubali nikiwa kijana na silikubali sasa.

Bwana Anselmi alinifuata nje. Aliniambia kwa upole, kama baba, kwamba nyie vijana mna bahati mbaya lakini jambo linatengenezeka. Shabani ni mtu wa pwani, ana ndugu bandarini, akiondoka hapa hatakosa kazi. Nimtaje yeye, na yeye Anselmi atahakikisha anapata nauli ya treni. Nilimwambia nitafikiri, kwa heshima ya umri wake tu, na nikaenda zangu chumbani kwa Shabani. Nilimkuta ameketi kwenye kiti chake cha kukunja, uso umemshuka. Na yeye alikuwa ameitwa pembeni na Bwana Anselmi huyo huyo, kabla yangu. Yeye alikuwa ameambiwa kwamba mimi nina kwetu Inyonga, nina mashamba na mizinga ya nyuki, nikirudi sitakufa njaa; anitaje mimi. Yeye alikuwa na mke, na mke alikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana. Hilo nililijua na yeye alijua kwamba ninalijua. Nilitaka kumwambia kwamba kama ni lazima mtu aondoke, mimi ni mseja. Nilianza kusema, lakini Bi Zena, aliyekuwa akipakua, alinikata.

“Shemeji, kaa ule,” alisema. “Na wewe, baba, kula. Atakayemtaja mwenzake kesho atafute pengine pa kula. Na akiwa ni mume wangu, atafute na pa kulala.”

Shabani alimwambia kwamba yeye hakusudii kumtaja mtu, na Bi Zena akasema hakuuliza anakusudia nini.

Asubuhi tulisimama mbele ya meza ile tukasema, kila mmoja kwa kinywa chake, kwamba hakuna aliyenakili. Nilimweleza meneja jinsi tulivyojifunza. Bwana Anselmi alijaribu kutafsiri neno utani akakosa namna, akasema ni ugomvi wa marafiki. Shabani akasema ni heri bwana aone kwa macho yake: achague maneno mawili yoyote, nasi tutamwonyesha. Meneja aliegemea kiti akachagua weight na wait. Shabani akawa Uzito, mimi nikawa Kusubiri. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba mimi ni mvivu, ninashinda stesheni nimekunja mikono na sijawahi kubeba chochote. Nilimwambia kwamba yeye hawezi kwenda popote bila kubebwa, na kila anayembeba humlaani. Akasema bila yeye treni haina kazi. Nikasema bila mimi hakuna anayeiona ikifika. Wapakiaji wa magogo walikuwa wamejaa dirishani. Walikuwa hawajui Kiingereza, lakini utani waliutambua wakiuona, na walicheka kwa nguvu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu mwenye mamlaka huweza kuvumilia mengi, lakini hawezi kuvumilia kicheko asichojua kinamlenga nani. Meneja alisimama, akafunga dirisha mwenyewe, akasema kwamba kwa kutomtaja mtu tumekwisha kujiamulia wenyewe. Tangu siku ile tulikwenda shimoni.

Shimo la kupasulia mbao si mfano wa maneno. Ni shimo la kweli, lenye kina cha kumpita mtu, na juu yake gogo limelazwa. Mtu mmoja husimama juu ya gogo, mwingine huingia chini, na kati yao kuna msumeno mrefu wenye mikono miwili. Wa juu huongoza mstari, wa chini huvuta na kupokea unga wa mbao machoni, puani na mdomoni. Tulibadilishana kila gogo. Mikono yangu, iliyokuwa ya kalamu, ilitoka malengelenge na kisha ikawa kama ngozi ya kiatu. Sikupata kulia kwa ajili ya meza ile, na hili pia liandikwe. Tuliendelea na kazi yetu. Aliyekuwa juu alivuta na neno lake, aliyekuwa chini akavuta na la kwake, na wapasuaji wa mashimo ya jirani walianza kutuuliza leo nani na nani. Ni shimoni nilikojifunza tofauti ya quite, yaani kabisa, na quiet, yaani kimya, maana Shabani alikuwa chini, amejaa unga wa mbao, akaniambia kwa Kiingereza kwamba mimi ni mpumbavu kabisa na kwamba ninyamaze. Mtoto wake alizaliwa tukiwa huko, wa kiume, na tulipewa ruhusa ya nusu siku.

Mwisho wa mwaka tuliitwa tena ofisini. Tulikwenda na unga wa mbao kichwani, na hakuna aliyetuambia tuketi. Waliobaki mezani hawakuwa wajinga, ila walikuwa wachache, na barua zilikuwa zimerundikana wakati wakubwa kutoka Dar es Salaam wakingojewa. Meneja hakuzungumzia tena kunakili. Alisema kwamba yaliyopita yamepita na kwamba atatuthibitisha kazini wote wawili. Kisha aliongeza, kama jambo dogo, kwamba makao makuu yatataka kujua makarani hawa wamefundishwa na nani, na kwa kuwa maelezo ya utani yatawachanganya, ataeleza kwamba aliwafundisha yeye mwenyewe. Bwana Anselmi alinitazama kwa macho ya kuniomba. Shabani alitazama sakafu. Nilijua anamfikiria mtoto, na sikumlaumu. Mtoto yule alikuwa hata bado hajapewa godoro.

Lakini Shabani ndiye aliyesema kwanza.

“Bwana, mimi nilifundishwa na huyu.”

“Na mimi nilifundishwa na huyu,” nilisema.

Meneja alisema kwamba hilo si jibu, kwamba mtu asiyejua hawezi kumfundisha asiyejua. Shabani alimjibu kwa adabu kamili kwamba ndivyo ilivyokuwa. Meneja alituuliza kama tunaelewa kwamba tunaweza kurudi shimoni sasa hivi. Tulisema tunaelewa. Alitazama barua zilizorundikana mezani, kisha akachukua kalamu na kutuuliza majina yetu kwa herufi, langu kwanza na la Shabani baadaye. Alichoandika sikukiona, na nisichokiona sikisemi. Ninachokijua ni kwamba Jumatatu iliyofuata tuliketi mezani tena, Shabani dirishani na mimi mlangoni, na kwamba tulipokuwa tukitoka mle ofisini Bwana Anselmi alitukimbilia barazani akatunong’oneza turudi tukaseme asante, kwa sababu bwana anasubiri. Shabani alimwambia, kwa sauti ambayo najua ilivuka mlango, kwamba sisi tumekwisha kushukuriana.